Usile Chiswa Siku ya Sindano

Kitale, Jumapili baada ya ibada

Nasimiyu, mama yangu,

Nimekaa hapa kwenye benchi la kisiagi. Mashine nimeizima kwa sababu ni Jumapili, na nawasikia wewe na mama yako mkibishana ndani kuhusu sufuria. Yeye anataka ubebe ile kubwa, wewe unasema unaenda kuishi peke yako Mabanga huko Bungoma, huendi kupikia watu harusi. Mwache ashinde. Kesho mchana utakuwa umefika Bungoma, na keshokutwa utakuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo ukiwaeleza wakulima jinsi ya kumshika ndama asiruke akidungwa. Mimi nitakuwa hapa nikisaga mahindi ya watu na kukupigia simu bila sababu. Ndiyo maana naandika. Nikianza kwa mdomo mimi hufoka, wewe hucheka, na jambo lenyewe hupotea katikati.

Sitakuandikia habari ya kuweka dawa mahali pa baridi, wala ya kubadilisha mapaja na tumbo, wala ya kutupa sindano zilizotumika. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia lile nisilolijua. Baba yako si mtu wa kusema hajui, kwa hiyo soma pole pole ufurahie, maana hutaliona tena.

Jambo ni hili. Siku ya sindano, jioni, utajidunga ukiwa peke yako chumbani na mlango umeufunga. Mwili wako ukiikataa dawa tena kama ulivyoikataa ile ya mwaka jana, nani atajua?

Nimelizunguka swali hilo wiki nzima na sijapata pa kulishikia. Nikianza kufikiri kuhusu sindano najikuta nafikiria mambo mengine yaliyopita, na kila jambo lililopita nililielewa vibaya. Macho yako yalipoanza kuona ukungu ukiwa chuoni nilisema ununuliwe miwani. Mguu ulipoanza kuburuta nikasema ni viatu, eti wasichana wa siku hizi mnavaa vitu havina kisigino wala mbele. Daktari wa Eldoret alipotueleza kuwa ni MS, kwamba kinga ya mwili wako inashambulia mishipa yako mwenyewe ya fahamu, nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nikamuuliza, sasa mwili unajigombeza kwa kosa gani? Alinitazama kwa huruma, nami sikupenda kutazamwa hivyo. Mpaka leo swali langu halijajibiwa.

Kisha zikaja sindano, na tulifurahi kwamba kuna kitu cha kufanya. Unakumbuka ile mara ya kwanza ulipopatwa? Ulikuwa umemaliza tu kujidunga, ukashika kifua, uso ukawa moto, ukasema moyo unakimbia. Mama yako alianza kuomba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mimi nilikimbilia pikipiki, nikaipiga teke ikakataa kuwaka, nikaitukana, na ilipowaka nikarudi ndani kukubeba nikakukuta umekaa unaomba chai. Ulituona tulivyo ukacheka. Mama yako alikasirika akakataa kukupa chai yenyewe.

Tulipomweleza daktari akasema ndiyo, ni kawaida, dawa ile huwafanya watu wengine hivyo, unakaa, unatulia, inapita yenyewe. Basi tukajifunza kukaa. Ilitokea tena ukakaa, ikapita. Nikaanza kujiona mtu anayejua. Mtu wa kanisani akiniuliza habari yako nilikuwa namweleza kama mimi ndiye niliyeitengeneza ile dawa.

Sasa nije kwa chiswa.

Unajua nilivyo na mashine. Kisiagi kikianza kupiga kelele nina sheria moja tu: badilisha kitu kimoja, washa, sikiliza. Ukibadilisha mkanda na beringi kwa pamoja, kelele ikiisha hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na siku itakaporudi utaanza upya kama mjinga. Umenisikia nikiwafokea mafundi kwa jambo hilo tangu ukiwa mdogo. Kila fundi aliyepita hapa ameondoka na sheria yangu masikioni, apende asipende.

Mvua zile zilipoanza, dada yangu, Senge yako Nafula, alikuja kutoka Sirisia na kopo la chiswa, wale kumbikumbi wa mvua. Walikuwa wametoka ardhini jana yake, akawakaanga kwa chumvi kidogo kama unavyopenda. Ulikula na ugali, kisha ukala bila ugali. Jioni ukajidunga. Kabla hatujaondoa vyombo ulikuwa unajikuna shingo, kisha tumbo, kisha mabaka mekundu yakapanda mpaka nyuma ya masikio.

Vitu viwili viliingia mwilini mwako siku hiyo, Nasimiyu, na mimi mwenye sheria yangu sikusita hata kidogo. Nilisema ni chiswa. Sindano ilikuwa imeandikwa na daktari, imekuja kwenye boksi zuri na karatasi ndefu ndani. Chiswa walikuja kwenye kopo la mafuta ya kupikia mkononi mwa dada yangu. Nikaona mwenye kosa ni yupi bila kufikiri mara mbili.

Nilichofanya baadaye unakikumbuka, ulikuwepo. Nilichukua kopo na chiswa waliobaki nikamrudishia mkononi. Kwetu dada akikuletea chakula hurudishi. Hata kama umeshiba unapokea, unashukuru, utajua baadaye utampa nani. Mimi nilirudisha, mbele ya mke wangu na mtoto wangu. Alisimama pale mlangoni na kopo lake.

“Rakini chiswa yangu imekosa nini?” aliniuliza. “Huyu mtoto si nimemrisha hizi tangu akiwa anatambaa?”

“Basi mwaka huu zimekosa,” nikamwambia.

Aliondoka mvua ikinyesha. Mama yako alimfuata na mwavuli. Mimi nilibaki nikikupaka dawa ya kuwashwa na kujisifu moyoni kwamba nimekulinda.

Na kilichonimaliza ni kwamba sindano zilizofuata zilipita salama. Hukuwashwa, hukutoka mabaka. Nikasema mnaona? Nilisema hivyo mezani. Wewe uliinamia sahani yako, nikadhani unakubali.

Halafu ikaja ile jioni. Chiswa hawakuwa wameonekana nyumbani kwetu tena, na chakula kilikuwa sukuma na mayai, vitu ulivyokula maisha yako yote. Ulijidunga, ukakaa nami kwenye kochi, ukashika kifua. Nikasema, “Tulia, mama, inapita.” Ukasema mikono inawasha. Nikasema inapita. Niliitazama saa ya ukutani, si kwa wasiwasi, bali kama mtu anayengoja chai ichemke. Midomo yako ikaanza kujaa. Niliiona ikijaa na bado nikangoja, kwa sababu mara ya kwanza nilikimbia ukacheka, na sikutaka kukimbia bure tena. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri kuliko hiyo na hakuna. Sikutaka kuchekwa.

Mama yako alitoka jikoni, akakutazama, akanitazama.

“Baba Nasimiyu, mtoto hawezi kupumua. Unangoja nini?”

Yeye hakungoja jibu, alishatoka nje kumwita jirani na pikapu yake. Tulikulaza katikati yetu kiti cha mbele, nyuma kukiwa na magunia ya mahindi ambayo hakuna aliyepata akili ya kuyashusha. Hapo hospitalini Kitale walikudunga sindano ya paja, wakakuwekea hewa, na polepole uso wako ukarudi kuwa wako. Nesi mmoja mwembamba aliniita pembeni.

“Mzee, mbona mmekaa nayo hivi?”

“Tuliambiwa huwa inapita.”

“Ile ya kupita huwa inapungua. Hii ilikuwa inaongezeka, na midomo imefura. Mkiona inaongezeka mnakuja. Mkikosa kuelewa pia mnakuja. Si lazima muelewe ndio mkuje.”

Nimeyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema kwa sababu katika mambo yote niliyoambiwa, hayo tu ndiyo yaliyoingia kichwani na kukaa.

Daktari wa Eldoret aliikataza ile dawa kabisa, akasema usiiguse tena maisha yako yote. Akakupa hii nyingine, nayo ni ya sindano. Hii hukutetemesha usiku kama malaria na kukuuma viungo, na akasema hiyo ni kawaida. Kawaida tena! Nilitaka kumwambia atafute neno jingine, maana hilo liliwahi kunikalisha kwenye kochi. Nikamuuliza, je, hii nayo inaweza kufanya kama ile? Akasema ni nadra. Nikamuuliza, lakini inaweza? Akasema, inaweza. Sasa wewe umesoma, niambie, mtu anafanya nini na jibu kama hilo? Ni nadra, basi nilale. Inaweza, basi nisilale. Kila unapojidunga huku nyumbani huwa natafuta kazi ya uongo ya kufanya karibu na mlango wako. Ile bawaba niliyoikaza mwezi uliopita haikuwa imelegea.

Na ni siku hiyo hiyo ulipomuuliza daktari kuhusu chiswa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Akakuuliza umewahi kula tena tangu siku ile ya mabaka. Ukasema, “Ndiyo, nikienda kwa Senge huwa nakula. Hakuna kitu hunifanya.” Akasema basi inaonekana ilikuwa dawa tangu mwanzo.

Niligeuka nikatazama dirishani. Nilikasirika, kisha nikakosa kujua ninamkasirikia nani. Wewe uliyekwenda Sirisia kula kwa siri chakula nilichokukataza, bila kujua kama kitakuua? Mama yako, ambaye nilikuja kugundua alikuwa anajua na ndiye aliyekuwa anakupa nauli? Ama mimi? Njiani kurudi tukapita Moi's Bridge. Ndipo ukasema, “Pole, Baba,” nami nikasema, “Sawa.” Haikuwa sawa. Wewe ndiye uliyepaswa kuambiwa pole, na hata sasa nikiandika nahisi kama nimechelewa.

Tena kuna jambo lingine linalonitia hofu kuliko dawa yenyewe. Nilikufundisha kuficha. Ulipoanza kukaa kanisani wakati wengine wamesimama kuimba, niliwaambia watu una presha. Nilijua wangesema mengine. Wangesema umerogwa, wangesema ni damu ya ukoo wetu, wangeleta mafuta na maombi na mizizi. Nikakuambia wewe nawe useme presha. Ulijifunza vizuri sana. Unajua kufunga mlango bila kusikika, unajua kuvaa mikono mirefu ukiwa na alama, unajua kujibu “niko fiti” kwa namna ambayo hata mimi huamini. Nilidhani nakuwekea ukuta wa kukulinda. Sasa unauhamisha ukuta huo mpaka Mabanga na mimi nitakuwa upande wa nje.

Ndiyo maana Ijumaa nilisema nitampigia Mama Simiyu mwenye nyumba, ambaye mlango wake unatazamana na wako, nimweleze kila kitu. Ulikuja juu.

“Si nitamwambia mwenyewe, Baba? Mimi si mtoto. Nikishindwa kuongea ndio utampigia.”

“Na ukishindwa kuongea mimi nitajuaje?”

Mama yako aliacha kuchambua maharagwe. Sikuuliza kwa kukushinda, Nasimiyu. Niliuliza kwa sababu sijui. Nikimpigia nakunyang'anya nafasi ya kuwa mtu mzima katika nyumba yako ya kwanza. Nisipompigia, nakaa kwenye kochi nikitazama saa, mara hii nikiwa mbali. Nimelala nimeamua hivi, nimeamka nimeamua vile. Leo kanisani nikaamua kwamba nitampigia, na tulipokuwa tunatoka nje ukanishika mkono kushuka zile ngazi, si kwa sababu ya mguu wako, kwa sababu ya goti langu, na nikabadilisha tena.

Basi sitampigia. Mwambie mwenyewe, lakini mwambie kesho, kabla hujafungua hata begi. Usimwambie ni presha. Mwambie jina lake, MS, na mwambie hili la dawa: kwamba mara nyingine baada ya sindano mwili hukataa, na akikuona umefura midomo ama umevimba macho, ama unajikuna mwili mzima, ama pumzi inakukatika, ama umeanguka, asikuletee maziwa, asikuombee kwanza, asimpigie baba yako aliye Kitale na pikipiki inayokataa kuwaka. Akubebe hospitali. Maombi yatafanyika njiani. Siku ya sindano acha mlango bila komeo mpaka ulale. Wezi wa Mabanga nitawashughulikia mimi.

Na wewe mwenyewe, ukikaa hapo kitandani ukijiuliza ni ile ya kupita ama ni ile nyingine, usitafute kuwa hodari wa kutofautisha. Mimi nilikuwa hodari. Ukikosa kuelewa, nenda. Ukifika wakakuta imeshapita, wakucheke, ucheke nao, unywe soda hapo nje urudi nyumbani. Tena usijidunge nyingine mpaka uongee na daktari. Usiache dawa kimya kimya pia kwa kuogopa, maana nakujua, una kichwa changu. Mguu wako umetulia tangu uanze hii, na hilo nalo naliona, hata kama huwa nalisahau nikiwa na hofu. Sijui namna ya kushikilia hayo mawili kwa pamoja, kwamba kitu kinachokusaidia kutembea ndicho ninachokiogopa. Labda wewe utajua.

Nimalizie na habari ambayo mama yako tu anaijua. Jana sikwenda kununua mkanda wa mashine kama nilivyowaambia. Nilikwenda Sirisia.

Senge yako alikuwa anaanua mahindi. Aliniona tangu kwenye lango na akaendelea na mahindi yake. Nilisimama kwenye jua na kofia mkononi kama mchumba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea. Nikasema, “Mtoto anaenda Bungoma kesho kutwa. Nimekuja kumwombea chiswa.”

Akasema, “Chiswa gani?”

“Zako.”

“Za kukosa?”

Nikasema, “Mimi ndiye nilikosa, dada yangu.” Hapo akaingia ndani. Alikaa huko muda, nikadhani amenifukuza bila kusema. Alitoka na kopo. Ni lile lile, la mafuta ya kupikia, lile lenye kifuniko kilichobonyea. Aliliweka mikononi mwangu lakini akawa hajaliachilia.

“Na hii pia utarudisha?” aliniuliza.

Nililia, Nasimiyu. Mzee mzima kwa sababu ya kopo. Naye akalia, kisha akanitukana, kisha akanipa chai.

Kopo liko kwenye begi lako jeusi, chini ya sweta. Amewakausha vizuri, watakaa. Kula hao pamoja na chakula chako, mpe na Mama Simiyu awaonje ili mpate pa kuanzia mazungumzo. Kula ukiwa na njaa, kula ukiwa na hamu tu, kula siku yoyote uipendayo isipokuwa siku ya sindano.

Si kwamba bado nawashuku. Siku hiyo chochote kikikupata, nataka iwe ni dawa peke yake mbele yangu, nisipate kitu kingine cha kusingizia.

Mimi baba yako, ambaye kesho stendi atakuambia tu ufunge vizuri zipu ya begi.